Nyumba za Kampi: Kuongeza Si Kubomoa

Bandugu wa kazi, na ninyi bamama wa kampi, leo tunasema juu ya nyumba zenu. Zile za matofali ya kuchomwa, mistari kwa mistari, zenye barza ndogo mbele. Union Minière ilizijenga ili mutu wa kazi akae na bibi na batoto karibu na usine. Tangu 1967 zikawa za kampani ya Leta, ile tunaita leo Gécamines. Sasa nyingi ni za familia zenyewe, na familia zimekua. Mutoto ameoa, pansio inachelewa, mupangaji mumoja anasaidia kulipa masomo. Nani atamwambia baba huyo asijenge? Sisi hatutamwambia.

Lakini kuongeza si kubomoa. Tunaona barza ikifungwa na bloke za simenti juu ya butike, tunaona ukuta murefu ukificha mustari muzima wa nyumba. Mvua ikianza kunyesha, maji yanaingia pale ukuta mupya umefungwa na wa zamani. Fundi anajua sababu: ukuta mupya unashuka kidogo, wa zamani ulikwisha kutulia, na mahali pa kushikana panapasuka. Chumba kipya kikae nyuma, mu lupango, juu ya msingi wake chenyewe. Kisipite urefu wa manjanja ya zamani, na maji ya paa lake yaende kando. Na simenti nguvu tusiipake juu ya matofali ya zamani, unyevu unabaki ndani na kuyala polepole.

Sheria iko. Ordonnance-loi namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni, na jengo lililoandikwa mu liste haligeuzwi bila ruhusa ya waziri. Ila waziri anakaa Kinshasa. Mutu wa Panda, kule Likasi, atapanda ndege kwa kuomba ruhusa ya dirisha? Katiba ya 2006 inawapa wabunge wa majimbo neno juu ya makao ya mujini. Basi waandike sheria ya jimbo: ruhusa itoke kwa burgumestre, haraka na bila matabishi; mafundi wapewe mifano ya vyumba vya nyuma; anayechunga uso wa nyumba yake apunguziwe kodi. Na iandikwe waziwazi kwamba sheria hiyo haitakuwa njia ya kufukuza mutu mu nyumba yake. Tunajua namna maneno mazuri yanaweza kugeuka.

Wengine watasema nyumba za watumishi si kitu cha kuchunga. Wabeligi walisema kinyume kwao. Kule Bois-du-Luc, nyumba za wachimba makaa zilizojengwa kati ya 1838 na 1853 ziko mu liste ya UNESCO tangu 2012, na watu wangali wanalala ndani. Hawakuzifanya kabati la kuangalia.

Na hapa Lubumbashi, wabunge wetu hawana haja ya kwenda Ulaya kwa kujifunza. Teatre iliyochorwa na Claude Strebelle na kufunguliwa mu 1956 njo Bâtiment du 30 Juin, na Bunge la jimbo lilipata makao mule. Jengo la zamani lilipokea kazi mupya bila kuvunjwa. Mu kampi, familia zinaomba vilevile.