Betri Ikifa, Huzikwa Wapi?

Afikaye Wagenia huona magogo yamesimikwa katika miamba ya maporomoko, na mitego ya wavuvi ikining'inia kwa kamba za porini. Mtego ukivunjika, Mto Kongo huuchukua ukaoza, wala haudhuru mtu. Tuulinganishe na betri, ile iwashayo taa jioni na kuamsha gari asubuhi. Hiyo nayo huzaliwa, hufanya kazi, hufa. Nasi huihesabia siku zake za kazi tu.

Maadamu ni nzima, risasi yake imefungwa sandukuni. Hatari iko mwanzo, machimboni na kiwandani, na tena mwisho, ivunjwapo ili risasi iyeyushwe. Moto hauui sumu hii kama uuavyo vijidudu. Hupanda na moshi, hushuka na vumbi, huingia nyumbani katika nguo za baba. Mwili huidhania kuwa madini yajengayo mifupa, ukaiweka akiba humo; mama achukuapo mimba, hutoka mifupani ikamfikia mtoto tumboni. Tena mwili wa mtoto mchanga hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hata 5 kuliko wa mtu mzima, na kinachoumia ni akili yake.

Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofungwa mwaka 2014. Bi Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo, alimwona mwanawe akishikwa na homa. Waganga walitafuta malaria, wakatafuta taifodi. Kumbe ni risasi. Wakazi walishtaki. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 hukumu ikatanguliwa. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa. Basi aliyenunua betri zile alilipa bei ya mwanga tu. Bei iliyosalia ililipwa na watoto asiowajua.

Nasi je? Tusipasue betri uani, wala tusimwage maji yake makali karibu na kisima. Baba ayeyushaye risasi apate vizito vya nyavu, aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Na sufuria aliyoitumia, mama asikubali irudi jikoni kupikiwa sombe, hata ikisuguliwa kwa mchanga siku nzima.