Mikopo na Hewa Ukaa: Mwenye Hisa Aonyeshwe Hesabu

Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo unaoyataka mabenki yapime hatari za kifedha zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi. Hatua hiyo ni ya busara. Kinachokosekana ni njia ya kumwezesha mwenye hisa mdogo kuuona upimaji huo.

Mfano wa karibu ni Wazo, wilayani Kinondoni. Kiwanda cha saruji cha Twiga kilianza uzalishaji hapo mwaka 1966, na hisa zake ziliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2006. Gesi asilia ya Songo Songo ilikifikia mwaka 2004. Gesi hiyo hutoa hewa ukaa kidogo kuliko mafuta mazito au makaa ya mawe. Hata hivyo, haimalizi tatizo. Mawe ya chokaa yakichomwa kupata klinka, jiwe lenyewe hutoa hewa ukaa, na sehemu hiyo kwa kawaida huzidi nusu ya hewa yote itokayo katika utengenezaji wa saruji.

Heidelberg Materials ya Ujerumani, ambayo ndiyo yenye hisa nyingi Twiga, imeahidi kufuta mchango wake wa hewa hiyo ifikapo 2050. Ahadi hiyo ina gharama. Ama gawio litapungua, ama bei ya mfuko itapanda, na benki iliyomkopesha muuza saruji au mjenzi itaguswa.

Hatari ya pili ni maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam na kuharibu nyumba katika bonde la Msimbazi. Nyumba iliyowekwa dhamana ikizama, dhamana nayo imezama.

Mabenki huchapisha hesabu zao magazetini kila robo mwaka. Humo mikopo yote hujumlishwa katika mstari mmoja. Msomaji hawezi kujua ni kiasi gani kipo kwenye saruji, usafirishaji, kilimo cha mvua au majengo ya mabondeni. Benki Kuu iamuru mstari huo ugawanywe kwa sekta, kwa jedwali la aina moja kwa mabenki yote, ili benki moja ilinganishwe na nyingine. Kazi hiyo si kubwa, kwani benki iliyopima hatari zake tayari inazo takwimu.

Lakini tahadhari inahitajika. Mfyatua tofali wa Tegeta anayeomba mkopo wa mashine na mifuko ya saruji asijaziwe fomu zile zile za kiwanda. Hewa hiyo ilitoka tanurini kabla mfuko haujamfikia. Akibebeshwa gharama ya ukaguzi, benki itamkimbia na yeye atarudi kwa wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kukata shingo.

Wanaodhani kwamba mambo haya hayawahusu wawekezaji wa nyumbani watazame mwaka 2023. Benki ya CRDB ilipouza hatifungani yake ya Kijani, ilitafuta shilingi bilioni 40 ikapata zaidi ya bilioni 171. Fedha ipo, na hamu ipo. Aliyetoa fedha yake ana haki ya kujua inakopeshwa wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari.