MARADHI HAYACHAGUI DINI

Wananchi wa Masasi na Newala hawahitaji kufundishwa na mtu wa mbali maana ya ugonjwa uingiao nyumba baada ya nyumba. Mwaka 1952 na 1953 homa kali ilizuka katika nyanda hizi za juu za Makonde. Viungo viliuma hata kijana akatembea amejikunja kama mzee. Wenyewe waliiita chikungunya, yaani kile kimkunjacho mtu. Madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955, na leo neno hilo la Kimakonde latajwa hospitalini Réunion, Bara Hindi hata Marekani ya Kusini.

Tujiulize: homa ile ilimfuata nani? Watu wetu walikuwa wamekwisha kugawanyika kwa dini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakajenga kanisa. Uislamu nao ulipanda kutoka pwani. Hata jando likatengwa, la Wakristo peke yake. Lakini mbu hakuuliza nani amebatizwa na nani aswali. Juu ya nyanda hizi mvua huzama mchangani, wala hakuna mto. Mama zetu walishuka mabondeni kuteka maji, wakapanda nayo kichwani, wakayaweka nyumbani siku nyingi. Mbu akazaa humo mtungini, wa Mwislamu na wa Mkristo sawasawa. Shida ilikuwa moja, na ugonjwa ukawa mmoja.

Somo hili tulilisahau ilipokuja korona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Jirani zetu wa Kenya walifunga misikiti na makanisa. Sisi tuliyaacha wazi. Tarehe 17 hadi 19 Aprili, toka Ijumaa hadi Jumapili, taifa zima liliitwa kumwomba Mungu. Twasema wazi kwamba jambo hilo lilikuwa na heri yake. Siku zile tatu Mwislamu na Mkristo waliomba jambo moja, na hofu ya kila mtu ikapata mahali pa kutua.

Lakini baada ya muda mfupi hesabu za wagonjwa hazikutangazwa tena, na kwa zaidi ya mwaka uvumi ukashika nafasi ya habari. Hapo ndipo mgawanyiko ulipoanza. Aliyevaa barakoa aliambiwa hana imani. Asiyevaa aliitwa mjinga. Januari 2021 maaskofu wa Kikatoliki waliwataka waumini wajihadhari, huku wakubwa wengine wakizitilia shaka chanjo. Na Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, walikuwako wahubiri waliokwisha kuwatia watu hofu ya sindano. Mwananchi akabaki njia panda: amtii Mungu au amsikilize mganga wa hospitali?

Sisi twasema swali hilo ni la uongo. Hakuna aliyetakiwa kuchagua. Mkulima huomba mvua, na jembe halitupi. Mgonjwa huombewa, kisha hupelekwa zahanati. Anayemfundisha mwenzake kwamba kunawa mikono ni kumkana Mungu, amefanya tahadhari kuwa kipimo cha imani. Na kipimo hicho hakitenganishi waumini na makafiri, bali hutenganisha jirani na jirani, siku ile ile ambapo kila mmoja amhitaji mwenziwe amchotee maji.

Wako watakaosema: chama kina haja gani na mambo ya dini? Hatuingii msikitini wala kanisani kumwambia mtu namna ya kusali. Lakini umoja wa wananchi ni kazi yetu, na uvumi ni adui wake.

Basi kila tawi, toka Masasi mjini hadi Newala, lianze sasa, kabla maradhi mengine hayajabisha hodi. Shehe, padre na muuguzi wakae baraza moja, waseme neno moja mbele ya watu wote. Mabalozi wa nyumba kumi wahimize mitungi na mapipa yafunikwe. Mgonjwa atajwe bila aibu, na maiti azikwe bila minong'ono. Viongozi nao wawape watu habari za kweli, maana watu waliopewa ukweli hawana haja ya kutafutana uchawi.

Tuombe kila mtu kwa njia yake. Tujikinge sote kwa njia moja.