Nailoni Haiui Bakteria

"Usile yaliyo wazi, nunua yaliyofungwa." Ushauri huu umeenea Dar es Salaam nzima, kuanzia Kariakoo hadi Mbezi Mwisho. Wazazi huwapa watoto wao, wafanyakazi huambizana wakitoka kutafuta chakula cha mchana, na hata bwana afya akipita mtaani huridhika akiona vipande vya tikiti na papai vimefunikwa. Ushauri huo ni wa hatari, na ni wakati tuache kuurudia.

Nailoni huzuia inzi na vumbi, hilo halina ubishi. Lakini uchafu unaotuumiza zaidi huingia mapema, saa ileile tunda linapokatwa. Tikiti hukua likiwa limelala juu ya udongo. Hupakiwa kwenye lori, hushushwa chini pale Mabibo au Buguruni, na hupita mikono mingi kabla halijafika kwenye meza ya mchuuzi. Ganda lisipooshwa vizuri, kisu kinapolipenya hubeba kilichokuwa nje na kukiingiza kwenye nyama ya tunda. Kisu hichohicho huchovywa kwenye ndoo ya maji yaliyotekwa alfajiri, kikafutwa kwa kitambaa kilekile, kisha kikaingia kwenye papai.

Hapo ndipo tunapofunga, na ndani ya nailoni tunawaachia bakteria unyevu, sukari na joto, yaani kila wanachohitaji. Nanasi angalau lina uchachu unaowapunguzia kasi. Tikiti na papai hayana uchachu wa kutosha kuzuia bakteria kama Salmonela wasiongezeke. Wakipata mazingira mazuri, baadhi ya bakteria hawa hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo mmoja wa saa mbili asubuhi anaweza kuwa zaidi ya 4,000 ifikapo saa sita mchana. Ndiyo maana mwongozo wa usalama wa chakula wa Marekani unataka tikiti lililokatwa likae kwenye joto lisilozidi nyuzi 5, kama nyama. Sisi tunaliacha juani Ubungo, tukiamini nailoni inatosha.

Wala msiseme huu ni uchafu wa wamachinga tu. Mwishoni mwa 2011 watu kadhaa waliugua Salmonela nchini Uingereza, na wachunguzi wakaihusisha na tikiti. Aina hiyohiyo ya bakteria ilikutwa kwenye tikiti lililouzwa likiwa limeshakatwa, tayari kuliwa.

Wapo wanaojibu kwamba matumbo yetu yamezoea. Ya nani? Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba chakula kisicho salama huua watu 420,000 kwa mwaka duniani, na 125,000 kati yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka miwili anayenunuliwa kipande cha tikiti kituo cha daladala hajazoea chochote.

Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015, kilienea mikoa mingi na kuua mamia ya watu. Ugonjwa wa namna hiyo ukizuka, mgambo huonekana haraka wakimwaga matunda ya watu. Ukitulia, wachuuzi hurudi palepale, bila bomba, bila barafu, na nailoni mpya. Mchuuzi analipa ushuru halafu ananunua maji kwa ndoo. Utamlaumuje kwa kuyatumia kutwa nzima?

Kwa mnunuzi, jambo la kufanya ni kukataa kipande kilichofungwa tangu asubuhi, hata kama kinang'aa. Mwambie mchuuzi, "Dada, naomba unioshee tunda zima na kisu, unikatie sasa hivi," ukale hapohapo. Ukiona maji yake yamechafuka, nunua ndizi au chungwa ukamenye mwenyewe kwa mikono safi. Na halmashauri zinazokusanya ushuru ziwawekee wachuuzi mabomba ya maji karibu na meza zao, na bwana afya aanze ukaguzi wake kwenye ndoo na kisu.