Jani la Njano Halisemi "Nunua Busta"

Ndugu mkulima, na wewe ndugu yangu mwenye duka la pembejeo, leo nasema bila kuzunguka.

Kila msimu ni yale yale. Mkulima anachuma jani moja la njano, analipeleka dukani na kuuliza, "Dawa yake ipi?" Muuzaji halitazami mara mbili, anatoa chupa ya busta. Majani yanang'aa wiki mbili, njano inarudi, na mkulima naye anarudi dukani. Huko ni kubahatisha kwa pesa ya kahawa ambayo bado haijavunwa.

Njano ni dalili, kama homa. Homa peke yake haisemi kama ni malaria au taifodi. Kabla ya kutoa pesa, jiulize: njano imeanzia majani ya chini yaliyozeeka, au ya juu machanga? Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Vikipungua, mmea huvitoa kwenye majani mazee na kulisha machanga. Chuma, zinki na boroni havihami kirahisi, kwa hiyo njaa yake huonekana juu.

Kagua hivi:

- Majani ya chini ni njano lote sawasawa: naitrojeni.
- Majani ya chini ni njano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe kijani: magnesiamu.
- Majani ya chini yameungua kingo: potasiamu.
- Mahindi machanga yana rangi ya zambarau: mara nyingi fosforasi.
- Majani machanga ni njano, mishipa kijani: chuma.
- Majani machanga ni madogo, membamba, yamesongamana: zinki.
- Ncha ya tawi imekufa, chini yake machipukizi mengi: boroni.

Kisha geuza jani la mbuni. Ukikuta unga wa rangi ya chungwa, hiyo ni kutu ya majani, na mbolea haiiponyi. Tazama shina kama lina matundu ya bungua. Chimba kidogo uone kama maji yamesimama kwenye mizizi. Nanyi wa mwambao, Lituhi hadi Mbamba Bay, muhogo wenye majani ya mabaka na yaliyojikunja una batobato. Hivyo ni virusi, vinaletwa na inzi weupe na mbegu zenye ugonjwa. Hakuna busta ya virusi. Ng'oa, panda mbegu safi.

Najua utaniambia, "Bwana shamba, mwaka jana nilipuliza ikapona." Inawezekana. Zinki na boroni mmea huzihitaji kidogo sana, na kupuliza kunasaidia kweli. Naitrojeni ni hesabu nyingine. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Lita moja ya busta yenye naitrojeni asilimia 20 ina kama gramu 200 tu. Utalisha shamba la mibuni yenye matunda kwa gramu 200? Hapo umepaka rangi nyumba inayoanguka.

Mwingine atasema, "Basi naongeza SA kila mwaka." Angalia pia. SA na urea zikitumika miaka mingi bila chokaa wala samadi huongeza tindikali kwenye udongo. Udongo ukiwa na tindikali kali hushika fosforasi, mizizi inadumaa, na mbolea uliyonunua inakaa chini bila kukufaa. Chokaa nayo usimwage kwa kukisia. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za shamba, uchanganye, peleka kama nusu kilo upimwe. Wa kahawa, TaCRI wapo hapo Ugano. Nenda ukaulize utaratibu.

Wazee wa Kimatengo hawakuwa na chupa. Walilaza majani, wakayafukia, wakapata ngolo: udongo haukuporomoka na majani yakaoza yakawa chakula cha mazao. Leo tunachoma majani yale yale, naitrojeni inapaa na moshi, kisha tunakopa pesa kununua mbolea. Nani katuroga?

Kwako muuzaji: sikuombi ufunge duka. Nakuomba uulize maswali matatu kabla ya kutoa chupa. Njano imeanzia chini au juu? Umegeuza jani? Mara ya mwisho uliweka mbolea gani, lini? Kama mkulima hajui, mrudishe shambani. Utapoteza mauzo ya siku moja, lakini mteja atabaki wako miaka kumi.

Nawe mkulima, usije ofisini na jani moja. Njoo na matatu: la chini, la kati na la juu, kutoka mche ulio mgonjwa, na mengine matatu kutoka mche mzima wa jirani yake. Tutayaweka mezani, tutayasoma pamoja, ndipo tuzungumze habari ya kununua.