Radi ya Tukuyu isisingiziwe, aliyefunga ni apdeti

JULAI 19, 2024 Manchester United waliahirisha kuuza tiketi. Hakukuwa na mgomo wala vurugu za mashabiki. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza apdeti yenye kasoro, kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zikagoma, na klabu inayonunua winga kwa mabilioni ikakaa kitako kusubiri mafundi kama sisi tu.

Nalikumbusha hili kwa sababu huku kwetu mtambo ukigoma siku ya mechi lazima atafutwe mchawi. Wilayani Rungwe mchawi yupo tayari, anaitwa radi.

Siitetei radi. Anayeijua Tukuyu anajua mvua zake hazina likizo, na radi ikipita kwenye waya kweli inaweza kuchoma poti za mtandao, yale matundu ya kuchomekea kebo nyuma ya seva. Lakini kuna ukumbi mmoja pale mjini, mbele stationery na intaneti ambako watu wanakata tiketi za Sokoine, nyuma banda la mpira. Usiku wa kuamkia mechi fundi akapandisha toleo la programu ya seva. Asubuhi poti mbili kimya. Meza zote hazina intaneti, foleni ya mashabiki inasogea hadi barazani.

“Mzee, radi imekula kadi. Tununue nyingine.”

“Radi gani hiyo mwanangu, mbona TV ya waya huo huo inawaka?”

Swali la mzee lilikuwa bora kuliko uchambuzi wote wa fundi. Kadi ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni jina lake.

Hapa mashabiki mnielewe taratibu. Seva nyingi zinatumia Linux, na kwa miaka mingi poti ya kwanza iliitwa eth0, ya pili eth1. Kuanzia mwaka 2013 ukaja utaratibu mpya wa kuzipa majina kulingana na sehemu kadi ilipochomekwa, basi eth0 ya jana inaweza kuamka leo ikiitwa enp3s0. Faili la mipangilio halijui habari hizo. Linaendelea kumuita eth0 aingie uwanjani. Ni sawa na kocha anayepiga kelele “namba kumi, pasha!” wakati kijana kabadilishiwa jezi, sasa ni ishirini na saba. Yuko benchi, mzima wa afya, anashangaa mbona haitwi. Halafu unakwenda sokoni kusajili mwingine!

Kosa jingine ni baya zaidi, la mchezaji kufutwa kabisa kwenye orodha. Toleo jipya linaweza kuacha kuitambua kadi ya zamani. VMware walipotoa ESXi 7.0 mwaka 2020 waliondoa kundi zima la madereva ya zamani, zile programu ndogo zinazoendesha kadi. Waliokuwa na kadi zilizotegemea madereva hayo wakapandisha toleo na poti zikatoweka. Hapo ama urudi toleo la zamani, ama utafute kadi inayokubalika. Kuchomoa na kuchomeka waya mara mia hakusaidii.

Sasa utajuaje kama ni radi au apdeti? Wengi wanatazama zile taa ndogo pembeni ya poti. Zikiwaka, vizuri, waya umeshika. Zisipowaka, usikimbilie kuandika cheti cha kifo, maana poti ambayo programu haijaiamsha nayo inaweza kukaa gizani. Jaribu kwanza kebo nyingine unayojua ni nzima. Kisha zima seva, iwashe kwa toleo la zamani. Linux nyingi huwa zinaliacha, unalichagua kwenye menyu wakati mashine inaamka. Poti zikirudi, radi haina kesi. Rudi kwenye toleo jipya, andika amri ya ip link, uone poti zipo kwa jina gani. Zipo kwa jina jipya? Rekebisha faili la mipangilio. Hazipo kabisa? Tatizo ni dereva. Na kama hata toleo la zamani halizioni, basi ndiyo, mlaumu radi na ununue kadi.

Kazi hiyo haifiki nusu saa. Ila nusu saa siku ya mechi ni nyingi mno. Shabiki wa Tukuyu anayekwenda Sokoine ana kilomita kama 70 za kupanda na kushuka, Kiwira, Uyole, ndipo aingie Mbeya. Akikosa tiketi asubuhi, anapanda gari kwa imani, na akifika getini anakuta walanguzi wanamsubiri kwa tabasamu. Hasara ya apdeti inalipwa na mtu ambaye hajawahi kuigusa hiyo seva.

Tukuyu Stars walipochukua ubingwa wa Bara mwaka 1986 tiketi ilikuwa kipande cha karatasi, na hakuna aliyeuliza mtandao upo. Sisemi turudi huko. Karatasi nazo tunajua zilivyokuwa zikichapwa mara mbili mbili. Kwa Mkapa tunaingia kwa N-Card, na mikoani huko ndiko tunakoelekea. Ndiyo maana nasema mapema.

Bodi ya Ligi ina kanuni za rangi ya jezi, za muda wa timu kufika uwanjani, hadi za nani akae benchi. Iongeze moja. Mtambo wowote wa tiketi au geti usiguswe ndani ya saa 72 kabla ya mechi, na kila uwanja uwe na karatasi iliyobandikwa kwenye seva ikionyesha jina la kila poti, namba iliyochongwa kiwandani kwenye kadi na kebo inakokwenda. Kamishna wa mechi akikagua nyavu na chaki, aikague na karatasi hiyo. Asipoikuta, aandike kwenye ripoti na mwenye uwanja alipe faini.