Nyigu Afukuzwe Angali Mmoja

Kila mvua za masika zinapokaribia, chini ya mapaa ya nyumba na shule nyingi za Afrika ya Mashariki huonekana kitu kidogo cha rangi ya kijivu, kisichozidi kitufe cha shati, kimening'inia kwa kikonyo chembamba. Hapana anayekijali. Baada ya wiki kadhaa kitu hicho huwa kimepanuka kikalingana na kiganja cha mtu mzima, kimejaa wadudu wembamba wenye kiuno kirefu, na siku moja mtoto apitaye na ufagio wake hupigwa miiba ya uso. Usiku wa siku hiyo mwenge huwashwa. Desturi hiyo ya kungoja, kuumwa, kisha kuchoma, ndiyo inayostahili kuachwa. Wala haiachiki mpaka tabia za mdudu mwenyewe zifahamike.

Kiota cha nyigu wa upenuni huanzishwa na jike mmoja, mara nyingine wawili au watatu. Jike huyo hukwangua nyuzi za mbao kuukuu, huzitafuna pamoja na mate, kisha huzitandaza ziwe karatasi. Mwaka 1719 mwanasayansi wa Ufaransa, René-Antoine de Réaumur, aliwaonyesha wenzake wa Chuo cha Sayansi cha Paris kwamba nyigu hutengeneza karatasi kwa miti mitupu, katika siku ambazo karatasi ya Ulaya ilitokana na matambara ya nguo. Kikonyo kinachoshikilia kiota hupakwa kitu chenye harufu inayowafukuza sisimizi. Ndani ya kila kijumba hutagwa yai moja, na buu likianguliwa hulishwa viwavi waliotafunwa. Katika kipindi hiki cha mwanzo mama hana jeshi. Akiguswa, aghalabu huruka akaenda zake, kwa kuwa akifa yeye, kizazi chote kimekwisha. Watoto wa kwanza wakishakomaa mambo hugeuka: sasa wapo mabinti wengi walio tayari kupigana, na katika jamii kadhaa za nyigu sumu yenyewe hubeba harufu inayowaita wengine vitani. Ni majike tu waumao, maana mwiba ni kiungo cha kutagia kilichogeuzwa silaha. Na tofauti na nyuki, nyigu hauachi mwiba wake mwilini mwa aliyeumwa, hivyo huweza kurudia mara nyingi.

Kwa hiyo yule ambaye hakufanya lolote katika wiki ya kwanza, wakati ambapo fimbo ndefu ingetosha, ndiye anayelazimika kufanya kazi ya hatari katika wiki ya kumi. Naye huifanya kwa njia mbaya kuliko zote. Mwenge wa mafuta ya taa chini ya paa la makuti au nyasi, gizani, mkononi mwa mtu anayeogopa kuumwa na aliye tayari kuutupa ili akimbie, ni jambo ambalo likielezwa hivyo kila mtu huliona kuwa ni wazimu; lakini likiitwa kuchoma nyigu huonekana kazi ya kawaida ya nyumbani. Tena moto wenyewe haumalizi kazi. Wale walioponyoka hurudi kulipokucha na kuzunguka pale pale, wakiwa wakali zaidi. Dawa ya shambani inyunyizwayo jikoni nayo si bora: huwaua nyigu, lakini matone yake huangukia mitungi ya maji na vyombo vya chakula, ambavyo hakuna kibandiko cha dawa yoyote kinachoruhusu viguswe.

Wapo wasemao kwamba mabishano haya yote ni ya bure, na kwamba mdudu aumaye watoto hana haki ya kuishi karibu na watu. Hoja hiyo ina uzito wake. Kwa watu wengi mwiba wa nyigu ni maumivu na uvimbe wa siku moja au mbili. Lakini wapo wachache ambao miili yao huipokea sumu hiyo kwa ghadhabu isiyo ya kawaida, wakavimba midomo na koo, wakaishiwa pumzi, wakazimia. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kujaribu majani wala chumvi. Hapana budi afikishwe hospitali mara moja, achomwe sindano ya adrenalini. Kiota kilicho juu ya mlango wa darasa, basi, kisivumiliwe hata siku moja.

Lakini kutoka hapo kufikia kuwaangamiza nyigu wote ni mwendo mrefu, na anayeuruka anajiumiza mwenyewe. Nyigu wa upenuni huwalisha watoto wake viwavi wa mchicha na kabichi za nyumba ile ile. Ndugu zake wadogo, ambao hawamdhuru mtu kabisa, wamefanya makubwa zaidi. Mdudu mweupe kama unga aliyetoka Amerika ya Kusini na kuonekana Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akasambaa na kuinyausha mihogo ya nchi nyingi za Afrika, hakushindwa na dawa. Alishindwa na nyigu mdogo mno aliyeletwa kutoka Paraguay na kuachiliwa Nigeria mwaka 1981, na baadaye katika nchi nyingine. Hans Herren, aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mwaka 1993 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kiliachilia katika pwani ya Kenya nyigu mwingine wa aina hiyo, ili atage mayai ndani ya funza watoboao mabua ya mahindi.

Anayeonewa kuliko wote ni nyigu wa udongo, yule mweusi mwenye madoa ya manjano ajengaye vijumba vya tope ukutani na kuvijaza buibui aliowapooza kwa mwiba. Huishi peke yake, hana jeshi, wala hakilindi kiota chake kwa kumshambulia mtu. Walakini hupondwa pamoja na wenzake kwa kosa la kufanana. Dhambi yake ni moja, nayo ni kupenda matundu: huziba tundu za kufuli na mipira ya maji. Mwezi wa Februari 1996 ndege ya abiria ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, wakafa watu wote 189 waliokuwamo. Wachunguzi walishuku kwamba nyigu wa udongo walikuwa wamekiziba kibomba cha kupimia mwendo, wakati ndege hiyo ilipokaa chini siku nyingi bila vifuniko. Dawa ya nyigu huyu, kwa hiyo, ni kizibo tu.

Kuhusu wale wa karatasi, kinga huanzia kwenye nyumba yenyewe. Mbao za upenuni zikipakwa rangi hazikwanguliki kwa urahisi. Nyufa za kuta na mianya kati ya boriti na bati zizibwe kwa udongo au saruji, na matundu ya hewa yawekewe wavu wa waya. Maganda ya maembe na mabaki ya miwa yasirundikwe karibu na mlango, kwa sababu nyigu wakubwa hupenda utamu ijapokuwa huwalisha watoto wao nyama. Haya ni mambo madogo. Jambo kubwa ni ukaguzi: mara moja kwa wiki, tangu mvua za kwanza, mtu azunguke nyumba akitazama juu, na shuleni kazi hiyo ifanywe na mwalimu wa elimu ya viumbe pamoja na darasa lake, wakisimama mbali. Kiota chenye jike mmoja kiangushwe kwa ufito mrefu, na mahali kiliposhikia pasuguliwe kwa maji ya sabuni. Kilichokwisha jaa nyigu kiachwe kwa mtu mzima aliyejifunika mwili mzima, afanyaye kazi usiku kwa maji mengi ya sabuni na bila moto. Na kama kiko mbali na njia ya watu, kisiguswe kabisa.

Jike aliyebomolewa atarudi kesho yake na kuanza upya pale pale. Abomolewe tena. Kwa kawaida baada ya asubuhi chache huhamia kwingine, pengine mwembe wa nyuma ya nyumba, na huko aachwe ajenge.